Toba Yenye Kitufe Kimoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuapa bila kusoma. Ukurasa wa kiapo kwenye gemu la kompyuta ulijaa Kiingereza kutoka juu ya kioo hadi chini, herufi zenye mikia kama za kwenye cheti cha ndoa, na mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye haraka ya kuvaa deraya nyeupe. Chini kabisa palikuwa na kitufe. Nikakibonyeza. Mwanga ukamshukia askari wangu, farasi mweupe akatokea pembeni yake, ngao ikaanza kung'aa, nikaona hakuna tena kitakachoharibika duniani.

Juzi nilifungua kompyuta ya zamani ya jirani aliyetaka picha zake zitolewe kabla haijafa. Nikaiwasha ikiwa wazi, vumbi lililoganda ndani likaanza kuungua taratibu, na harufu ile ikanirudisha sebuleni kwetu Buhongwa. Watu husema harufu za utotoni huleta majonzi matamu. Mimi nilikasirika. Nilikaa pale na bisibisi mkononi nikiwa na hasira mbichi kabisa, kama vile Mzee Elieza wa kanisani kwetu ndiyo kwanza anapiga hodi.

Afadhali niseme mapema hasira yenyewe inatoka wapi. Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza gemu, bila chuo, kwa kuvunja vitu na kuvirudishia, na hadi leo ni mtu wa kukagua kitasa cha mlango halafu kurudi kukikagua tena. Kwenye majukwaa ya wanaocheza gemu za kukuza mhusika, zile ambazo unamchukua mtu mmoja dhaifu ukamlea hadi awe shujaa, kuna ubishi usiokwisha kuhusu wahusika wa kiapo. Hawa nguvu zao hazitokani na misuli wala vitabu. Zinatoka kwenye ahadi waliyokula. Ahadi ikivunjika, nguvu zinakwenda. Na wenzangu wa rika langu, watu wazima wenye watoto, huandika kwa raha: "Apokonywe vyote. Alijua alichoapa." Nasoma hayo, naanza kuandika jibu. Alijua? Alielezwa na nani?

Kompyuta yetu aliileta Bamdogo Kamu, mdogo wake Baba, aliyeishi nasi kwenye chumba cha uani na kutengeneza vyombo vya umeme kwenye kibanda kule Mirongo. Mwenyewe aliyeiacha kwake hakurudi kuichukua, na Bamdogo alichoka kuiruka kila asubuhi. Ndani yake mlikuwa na gemu hilo moja tu. Tulicheza jioni, yeye akitafuna buni za kahawa kutoka kwao Bukoba na kutema maganda kwenye kifuniko cha chupa, mimi nikishika mausi kwa mikono miwili. Bamdogo hakuwa mtu wa kanisani. Baba alimsema kwa hilo, naye alijibu kwamba anawaachia nafasi wanaohitaji zaidi.

Baada ya kuapa ndipo nikaanza kusoma. Nilikaa na kamusi ya shule nikitafuta neno moja moja, na hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza changu cha kwanza, kwa woga, kama mtu anayesoma mkataba aliokwisha kuutia sahihi. Askari wangu alikuwa ameahidi kusema kweli daima. Alikuwa ameahidi kumlinda asiye na nguvu. Yalikuwemo mengine ya heshima na ujasiri ambayo sikuyaelewa vizuri. Nilipomaliza nilianza kuishi hivyo mimi mwenyewe, maana niliona ni aibu askari wangu kuwa mwema kuliko mimi.

Mama aliumia kwa hilo. Siku moja alikuja mama wa jirani aliyekuwa na tabia ya kuazima na kusahau, Mama akaninong'oneza, "Mwambie sipo." Nikatoka.

"Shikamoo."

"Marahaba, Jovin. Mama yupo?"

"Mama amesema nikwambie hayupo."

Yule mama alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na ikabidi acheke naye, na kilichokuwa kinaazimwa siku hiyo kikaazimwa. Usiku huo Bamdogo aliniambia, "Mzee, wewe kiapo chako kitatufilisi."

Mama alikuwa Msukuma, mzaliwa wa kijiji kilicho mbele ya Kisesa, karibu na Bujora. Alibatizwa ukubwani, alipoolewa na Baba. Huko kwao hawakuwa watu wa kanisa, lakini sauti aliyokwenda nayo kanisani aliitoa huko. Kwenye kwaya yetu yeye ndiye aliyeanzisha. Alisimama mwisho wa mstari wa mbele, joho la zambarau, mikono imetulia, na akifungua kinywa hata watoto waliokuwa wakitekenyana kwenye mabenchi waliacha. Nyumbani aliimba akifua, akipika, akinipaka dawa ya kidonda. Niliamini kwamba kidonda kinaponywa na ule wimbo. Askari wangu naye aliponya watu kwa kuinua mkono na mlio mwembamba kama kengele ukasikika. Kwangu Mama na yule askari walikuwa watu wa kazi moja.

Tulikuwa tumefika na Bamdogo kwenye kijiji kimoja cha mawe ndani ya gemu. Ajuza mmoja alikuwa amejificha ndani ya ghala la nafaka. Askari wa mfalme wakaja wakaniuliza kama yumo. Majibu yalikuwa mawili: yumo, hayumo.

"Sema hayumo," Bamdogo akasema. "Unangoja nini?"

"Niliapa kusema kweli."

"Na kumlinda asiye na nguvu si uliapa pia?"

"Ndiyo."

"Haya. Watamchinja huyo bibi wakati wewe unatafuta kwenye kamusi."

"Lakini vinagongana, Bamdogo."

"Vinagongana, ndiyo. Bonyeza."

Nikabonyeza hayumo. Askari wakaondoka. Ajuza akatoka ghalani, unga umemjaa kichwani, akanishukuru. Halafu ngao ikazimika. Hakukuwa na onyo wala maneno yoyote. Farasi akageuka, akatembea polepole hadi ukingo wa kioo, akatoka. Nilimfuata kwa miguu nikibonyeza kitufe cha kumwita mpaka kidole kikauma. Niliinua mkono kumponya mtu aliyejeruhiwa njiani, na badala ya ile kengele ukatoka mlio mkavu, kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Watu wa vijiji waliokuwa wakinisalimu wakaanza kunigeuzia mgongo. Nililia. Bamdogo alidhani nalia kwa ajili ya farasi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefanya kitu sahihi na nilikuwa nimeadhibiwa, na nilikuwa bado mdogo mno kufikiri kwamba anayeadhibu anaweza kukosea. Nikadhani kosa liko mahali fulani ndani yangu ambapo sijapaona.

Nilikwenda tena kwenye ule ukurasa wa kiapo, nikausoma neno kwa neno. Uliandika kila kitu ninachoahidi. Haukuandika popote atakayenihukumu ni nani, wala kama ataniuliza.

Wakati huohuo Bibi, mama yake Mama, alikuwa mgonjwa. Tulikuwa tukienda kumwona siku za mapumziko. Uani kwake palikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, kimo cha kiuno changu, ambacho nilikuwa nikidhani ni cha kuku mpaka nilipokaripiwa. Kilikuwa cha masamva, yaani wazee wa ukoo waliotangulia. Bibi alikuwa amelala kwenye ngozi barazani, mdogo kuliko nilivyomzoea, akamshika Mama mkono. "Ng'wana wane," alimwambia, mwanangu. Akamuuliza kwa Kisukuma, na Mama akanitafsiria baadaye nilipomsumbua: nikifa, nani atanimwagia maji?

"Mimi," Mama alijibu.

Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa viapo, nilijua kilichotokea pale barazani. Mama alikuwa ameapa.

Bibi alipofariki, kwaya nzima ilikuja kuzika kwa basi la kukodi. Waliimba vizuri kaburini. Baada ya maziko, watu wakiwa chini ya turubai wanakula, Mama alivua viatu, akafunga upya kanga yake, akachukua kibuyu cha maji yaliyochanganywa na unga wa mtama, akaenda pale kwenye kibanda na kaka zake. Alimwaga maji taratibu akizungumza kwa sauti ya chini. Alifanya hivyo mchana kweupe. Kwaya ilikuwa imekaa hatua chache kutoka pale na sahani mapajani. Hakuna aliyesimama kusema acha. Waliangalia, na waliendelea kutafuna. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, hata leo.

Msiba ulikuwa umekwisha kupoa ndipo Mzee Elieza, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alipopiga hodi jioni moja akiwa na mwenzake. Nilizima kioo nikabaki nimekaa palepale. Hakuna aliyenifukuza.

"Bwana asifiwe," Mzee Elieza alisema.

"Amina," Baba akajibu. "Karibuni."

"Mama Jovin, sisi tumetumwa tu."

"Aliyewatuma ana miguu," Mama akasema, "na njia ya hapa anaijua."

Baba akakohoa. "Mama Jovin."

"Nimesema vibaya?"

Mzee Elieza alizungusha kofia yake kwenye magoti. "Kuna habari kwamba siku ya maziko ulimwaga maji kwenye kibanda."

"Si habari. Ulikuwepo. Nilimwaga."

"Ukijua umebatizwa."

"Nikijua mama yangu ameniomba."

"Ndiyo hapo sasa. Mtu hawezi kuwa huku na huku."

"Mzee wangu, siku ile ulikula nyama. Ukaongezwa. Yule ng'ombe kaka zangu walimchinja kwa ajili ya shughuli hiyohiyo ya maji. Ulimla ukiwa huku, au ukiwa huku?"

Kutoka chumba cha uani ilisikika sauti ya Bamdogo akicheka na kujaribu kuizuia. Yule mwenzake Mzee Elieza alitazama dari. Mzee Elieza mwenyewe hakucheka, na nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa ujumbe, akaona ni salama kuufikisha kuliko kuufikiria. Alisema uamuzi umekwisha kupita: Mama ametengwa. Hatakaribia meza ya Bwana, hataimba kwaya, atakaa benchi la nyuma mpaka siku atakapotubu mbele ya usharika na kurudi kundini. Na kama haitakuwa usumbufu, wanaomba joho.

Mama alikwenda chumbani akalileta. Lilikuwa limepigwa pasi. Alimkabidhi Mzee Elieza kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu mzima, na hilo lilimfanya yule mzee aangalie chini kwa mara ya kwanza.

"Mimi hamkuniuliza," Mama alisema. "Hata mwizi wa kuku, sungusungu humuuliza."

Toka jioni ile nikagundua kwamba Mama haimbi. Alifua kimya, akapika kimya. Nilipojikwaa kwenye jiwe akanipaka dawa kimya, na kidonda kilipochelewa kukauka nilipata uhakika. Ngao imezimika. Nilielewa mambo yote kwa namna ya gemu: sauti ilikuwa kwenye joho, joho limechukuliwa, kwa hiyo sauti nayo imekwenda, kama kengele ya askari wangu, na akijaribu utatoka ule mlio mkavu. Ndiyo maana hajaribu, nikawaza, anaona aibu. Nilimwonea huruma kiasi cha kushindwa kula.

Kwa hiyo nilitafuta dawa. Kwenye gemu ilikuwepo. Mbali sana, juu ya mlima, palikuwa na mahali patakatifu na mtawa mzee, na askari aliyeanguka angeweza kupiga magoti. Nilikwenda kwa miguu siku baada ya siku, nikikimbia kila adui kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kupigana. Nilipopiga magoti mtawa akaniuliza kama nakiri kwamba nilikosa kwa kusema uongo. Chini ya swali palikuwa na kitufe kimoja tu: Nakiri. Nilitafuta kingine kila upande wa kioo. Nilitaka kusema habari za yule ajuza. Hapakuwa na pa kusemea.

Nikabonyeza. Ngao ikawaka, farasi akarudi akitikisa shingo. Sijawahi kupata nafuu kama ile. Nilikimbia jikoni.

"Mama! Ukisema tu nakiri, vitarudi vyote."

"Vitu gani?"

Nikamweleza yote, ghala, askari, farasi, mtawa, kitufe. Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele, na alinisikiliza kwa makini zaidi kuliko mtu yeyote aliyewahi kusikiliza habari za gemu.

"Yule bibi wa ghalani alipona?"

"Alipona."

"Halafu wewe ukaenda mlimani ukasema ulikosea kumponya."

Nikaokota jiwe moja alilokuwa amelitoa kwenye mchele.

"Ukapewa farasi."

"Ndiyo."

"Haya," alisema, akarudi kwenye mchele wake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili ya kurudi kundini ilifika. Mama alikubali kusimama mbele, na walikuwepo wengine wawili: kijana mmoja na msichana mmoja, kila mtu na habari zake ambazo kanisa zima lilikuwa linazijua. Walisimamishwa mbele, nyuso zikiwaelekea watu. Kijana alikiri haraka haraka, macho kwenye viatu. Msichana alikiri kwa sauti ambayo haikufika hata benchi la kwanza, akaambiwa arudie. Arudie! Nilikuwa mtoto na nilitamani sakafu impasukie aingie.

Mchungaji akamgeukia Mama. Akamuuliza kama anakiri kwamba alimwacha Bwana na kufuata giza.

Jibu lilikuwa neno moja. Nililisema mimi kimoyomoyo, kwa niaba yake, huku nimeshika ukingo wa benchi. Nakiri, Mama. Nakiri.

"Mchungaji," Mama alisema, na sauti ile haikuwa na mlio wowote mkavu, "dhambi ninazo. Hasira ninayo, na mdomo ninao, majirani wanajua. Hizo nazitubu hapa. Lakini nilimwahidi mama yangu nikatimiza, na sijuti. Nikisema najuta nitakuwa nasema uongo madhabahuni. Hilo siwezi."

 Mchungaji alifungua kitabu chake, akakifunga.

"Basi rudi ukakae, mama," alisema. "Ukaombe."

Akashuka, akapita katikati ya mabenchi yote, akaenda kukaa nyuma. Kwaya ilipoanza wimbo uliofuata iliuanza juu mno, wakakwama ubeti wa pili.

Njiani kuelekea nyumbani Baba alishindwa kuvumilia. "Neno moja tu, Mama Jovin. Ungelisema, tungekuwa tumemaliza, tunaenda kula."

"Kwa mama yako mzazi, wewe ungelisema?"

Baba aliongeza mwendo. Alitangulia mbele yetu hadi nyumbani, mikono nyuma, na chakula hakukigusa. Nilimchukia siku ile. Sasa ninajua alikuwa anaogopa, kwamba jina lake lilikuwa linatajwa kila mtaa, na kwamba swali lile lilimpata kwenye mfupa. Lakini kuogopa kwake hakukumsaidia Mama kwa lolote.

Mchana ule Mama alikaa nyuma ya nyumba na ungo wa dagaa, akichambua. Mimi nilikuwa dirishani. Kwanza nilidhani ni redio ya jirani. Alikuwa anaimba kwa Kisukuma, wimbo wa kutwanga aliokuwa akiuimba Bibi, mwanzo kwa sauti ndogo, kisha kama vile hakuna mtu duniani. Sauti ilikuwepo yote. Hawakuichukua. Walikuwa hawana hata uwezo wa kuichukua, walichukua kitambaa. Mama alikuwa kimya wiki zote zile kwa sababu alikuwa amefiwa na mama yake, na mimi, mtoto wake, nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Nilikwenda kuwasha kompyuta nikiwa na hasira ya kwanza ya kweli maishani mwangu. Gemu lilikuwa limenidanganya. Kama yule askari aliweza kuponya kabla ya kusema hayumo, nani aliukausha mkono wake baada ya hapo? Si uongo wake. Ni mtu, mahali fulani, aliyekaa akaandika kanuni kwamba mwema akikwama kati ya ahadi mbili tumkomeshe. Sehemu ya kabla ya kupanda mlimani ilikuwa bado imehifadhiwa. Nikairudia. Sikupiga magoti.

Bamdogo aliingia akanikuta natembea kwa miguu nyikani. "Farasi yuko wapi tena, mzee?"

"Nimemwacha."

"Umemwacha? Wiki zote hizi ulikuwa unamlilia!"

"Alinikimbia kwa sababu nimeokoa mtu. Ana faida gani?"

Akatafuna buni yake. "Hilo ni kweli. Ila ni mbali kwa miguu."

Ilikuwa mbali kweli. Pointi zote nilizokuwa nimewekeza kwenye nguvu za mwanga zilikuwa zimekufa, hazikurudi hata moja, na kila kitu kipya kilipatikana kwa jasho. Nilimjenga upya kwa vitu vya mikono: kufunga majeraha kwa vitambaa, kutambua majani ya dawa, kupika, kubeba mtu mgongoni. Alikuwa na kovu usoni ambalo gemu lilimpa bila kuniuliza. Mtoto kama mimi, niliyezoea kuanza upya daftari zima kwa sababu ya doa la wino, nililitazama kovu lile kwa mateso kila jioni, na sikumfuta. Watu wa vijiji walichukua muda mrefu kumsalimu. Wengine hawakumsalimu hadi mwisho.

Mama naye aliendelea kwenda kanisani, benchi la nyuma, Jumapili zote. Alinyimwa kwaya lakini hakuna kanuni inayomnyima mtu wa benchini kuimba tenzi, na yeye aliimba. Ikafika mahali mwalimu wa kwaya akawa anageuza shingo kutafuta sauti kwa nyuma, na kwaya nzima inamfuata mtu aliyefukuzwa. Bamdogo aliposikia hivyo alikuja kanisani kwa mara ya kwanza, ili aone kwa macho yake. Kisha wanawake wa mtaani wakaanza kumwita kwenye misiba. Walikuwa Wakatoliki, Waislamu, watu wasio na dini. "Mama Jovin, njoo utushikie wimbo, tumeshindwa." Akawa anakwenda, na kanga yake, na viatu mkononi njia ikiwa na tope. Huko alijifunza kuimba kwa watu waliochoka kulia, kazi ambayo kwaya haikuwahi kumfundisha.

Wanaosema "apokonywe vyote" ninawajibu kwa kirefu hadi wananiona kero. Sisemi kiapo kisiwe na uzito. Kiapo chepesi hakina maana hata kwenye gemu. Ninasema anayepima uzito huo aulize kwanza. Mpe mchezaji mahali pa kueleza. Akitubu, atubu kwa maneno yake, na akikataa kutubu, basi awe na njia ya kujijenga isiyopita magotini. Na vile alivyokuwa navyo kabla ya kiapo, mikono yake, sauti yake, msiviguse. Havikutoka kwenu. Kijana mmoja aliniandikia kwamba ninalifanya gemu kuwa hospitali. Nikamwandikia ukurasa mzima, nikaufuta, nikauandika tena, nikautuma na makosa yake.

Baada ya miaka kadhaa alihamia mchungaji mwingine. Alimkuta Mama kwenye msiba huko Mkolani, akakaa kwenye mkeka akashika sauti ya pili, na wiki iliyofuata akamwita ofisini. Walizungumza mchana mzima. Jumapili iliyofuata Mama alikwenda mezani bila mtu kumtangaza, na Baba, ambaye alikuwa amehamia benchi la nyuma bila kueleza sababu, alisimama akampisha njia. Walimrudishia joho. Alishukuru, akasema misiba ni mingi hana muda wa mazoezi. Mzee Elieza amezeeka sasa na humsalimu Mama kwa heshima kubwa mno. Pole hajampa. Hakuna aliyempa.

Siku hizi kwenye kanisa lile mtu anayerudi kundini hasimamishwi mbele ya watu. Anaitwa ofisini, anapewa kiti, na anaulizwa ilikuwaje.